UZI: Bakteria anazungusha, kimelea cha malale anapinda. Tuzungumzie flagela inavyofanya kazi

HadubiniMoshi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Nafundisha biolojia kidato cha tano na sita hapa Moshi. Kila mwaka tukifika kwenye viumbe wa seli moja nakuta sentensi ile ile kwenye madaftari: "flagela ni mkia unaomsaidia kiumbe kutembea." Basi. Mwanafunzi anachora bakteria mwenye mkia, euglena mwenye mkia, mbegu ya kiume yenye mkia, anapata maksi zake, tunasonga mbele. Mchoro huo unaficha mashine mbili ambazo hazina undugu wowote, na mimi naona ni hasara kubwa mtoto kumaliza shule bila kuzijua. Uzi ni mrefu, someni taratibu.

Tuanze na maji. Kwa kiumbe mwenye urefu wa mikromita 2, maji hayana tabia tunayoijua sisi. Mtu akiogelea anapiga mkono, kisha mwili unateleza mbele wenyewe hata mkono ukitulia. Bakteria hana huo mtelezo. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza hili vizuri sana miaka ya 1970: bakteria aitwaye E. coli akizima mota ya flagela yake ghafla, husimama kabla hata sehemu moja ya milioni ya sekunde haijaisha, na umbali anaoteleza ni mdogo kuliko upana wa atomu moja. Waliowahi kuona molasi ya kiwanda cha sukari pale TPC wafikirie mtu aliyetumbukizwa kwenye bwawa la molasi, tena anaruhusiwa kusogeza mikono kwa mwendo wa mshale wa saa tu. Huko ndiko bakteria anakoishi maisha yake yote.

Matokeo yake ni haya: ukipeleka kitu mbele kisha ukakirudisha kwa njia ile ile, unarudi ulikoanza. Haisaidii kwenda haraka na kurudi polepole. Kasia gumu lenye bawaba moja, linalofunguka na kufunga, halimfikishi kiumbe huyu popote. Anahitaji mwendo ambao kurudi kwake si kinyume cha kwenda. Hapo zipo njia mbili: kuzungusha kitu kilichojisokota, au kupitisha wimbi kwenye kitu kinachopindika. Bakteria wanatumia ya kwanza. Viumbe ambao seli zao zina kiini, tukiwemo sisi, wanatumia ya pili.

Zote mbili zinakula faida ya jambo moja la kifizikia. Uzi mwembamba ukivutwa kwa ubavu ndani ya majimaji ya namna hii hupata ukinzani karibu mara mbili ya ule unaopata ukivutwa kwa urefu wake. Kila kipande cha flagela kinakwenda kimshazari, maji yanakibana zaidi ubavuni kuliko kwa urefu, na nguvu inayobaki inaelekea upande mmoja. Kama ukinzani ungekuwa sawa pande zote, flagela ingehangaika mchana kutwa na kiumbe asisogee.

Sasa mashine ya kwanza, ya bakteria. Ule uzi mrefu mnaouona kwenye mchoro hauna nguvu yoyote yenyewe. Ni mrija wa protini iitwayo flagelini, unene wake nanomita 20 hivi, umejisokota, na unaweza kuwa na molekuli kama 20,000. Unakua kwenye ncha: flagelini mpya hupita ndani ya mrija wote mpaka mwisho, ndipo inapojipachika. Kazi yote ya nguvu iko chini, kwenye utando wa seli. Pale kuna rota, kuna mhimili unaopenya utando, na kuna kiungo kinachopindika kama kulabu kinachounganisha mhimili na uzi. Mota nzima ina upana wa nanomita 45 hivi. Kuizunguka rota kuna vipande tuli vilivyoshikiliwa na ukuta wa seli, vimejengwa kwa protini mbili, MotA na MotB. Seli husukuma protoni nje. Protoni zikirudi ndani kupitia vipande hivyo, rota inazungushwa. Mzunguko mmoja unakadiriwa kula protoni 1,200 hivi. Mota ya E. coli huzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Yupo Vibrio mmoja wa baharini, anayetumia ioni za sodiamu badala ya protoni, ambaye mota yake imepimwa ikifika mara 1,700 kwa sekunde.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 wengi waliamini bakteria anapunga mkia wake. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson wakaandika kwamba ushahidi unaonyesha unazunguka. Mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon wakafanya jaribio ambalo kwangu ni mojawapo ya mazuri kuliko yote katika biolojia. Waliigandisha flagela kwenye kioo kwa kutumia kingamwili. Uzi umekamatwa, hauwezi kwenda popote. Mota ikaendelea kufanya kazi, na kilichozunguka sasa ni mwili mzima wa bakteria, ukionekana waziwazi chini ya hadubini. Kitu kinachopunga tu hakiwezi kufanya hivyo.

Mashine ya pili, ya euglena, ya kimelea cha malale, ya mbegu ya kiume. Hii ni nene zaidi, kama nanomita 200 na kitu, na imefunikwa na utando wa seli yenyewe. Ndani kuna mirija midogo ya protini iliyopangwa kwa namna inayorudiwa tangu mwani mpaka binadamu: jozi 9 pembeni, mirija 2 katikati. Kila jozi ina mikono midogo ya protini iitwayo dainini. Mikono hiyo hula ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, hushika jozi ya jirani na kuisukuma iteleze. Lakini jozi zimefungwa pamoja kwenye kitako na kwa viunganishi njiani, kwa hiyo haziwezi kupishana moja kwa moja. Kuteleza kunageuka kuwa kupinda.

Kinachonifurahisha hapa ni kwamba fizikia ilitangulia hadubini. Mwaka 1958 K. E. Machin alionyesha kwa hesabu kwamba uzi laini unaotikiswa kutoka kitakoni peke yake hauwezi kutoa mawimbi yanayoonekana kwenye mbegu za kiume. Wimbi lingekufa kabla ya kufika nchani. Kwa hiyo injini lazima ziwe zimesambaa urefu wote. Dainini yenyewe ilipewa jina na Ian Gibbons mwaka 1965. Kisha 1971 yeye na Keith Summers wakachukua mikia iliyovuliwa utando, wakakata viunganishi kwa kimeng'enya, wakaongeza ATP. Mikia haikupinda tena. Jozi zilitelezana moja juu ya nyingine mpaka muundo mzima ukarefuka kupita kiasi. Ndivyo ilivyojulikana kwamba kuteleza ndiyo kazi ya msingi.

Kwa hiyo: bakteria ana mota moja kitakoni, inazunguka, inaendeshwa na mtiririko wa protoni, uzi wake umekufa. Trypanosoma, yaani kile kimelea cha malale, ana injini maelfu kwa urefu wote, zinavutana, zinakula ATP, mkia wenyewe ndio unaofanya kazi. Karibuni kwa maswali na nyongeza.

FundiMota_UngaLtd

Mwalimu shikamoo. Mimi ni fundi wa mota za umeme hapa Arusha, na nimeusoma huu uzi mara mbili. Nina maswali ya kazini. Mimi koili ikiungua lazima nizime mota, niifungue ndipo nibadilishe. Huyo bakteria akiharibikiwa na hivyo vipande tuli anafanyaje? Pili, mzigo ukiongezeka, mota haizidiwi? Tatu, inageuza mzunguko? Na akitaka kusimama ana breki gani?

HadubiniMoshi

Marahaba fundi, maswali yako ndiyo hasa waliyojiuliza watafiti.

Vipande tuli hubadilishwa mota ikiwa inazunguka. Hili lilionekana mwaka 2006 kwa kuvitia vipande hivyo rangi inayong'aa: vinaondoka kwenye mota na kurudi kwenye utando, vingine vinachukua nafasi, na rota haisimami. Mzigo nao unajibiwa kwa njia hiyo hiyo. Maji yakiwa mepesi mota hufanya kazi na vipande vichache. Mzigo ukizidi, vinaongezeka mpaka 11 hivi kwa E. coli. Inaongeza nguvu kulingana na kazi iliyopo.

Kugeuza, ndiyo. E. coli ana flagela kadhaa. Zote zikizunguka kinyume na saa, ukiitazama seli kutoka nje, zinajikusanya kuwa fungu moja na kumsukuma mbele kwa sekunde moja hivi. Moja au mbili zikigeuza kufuata saa, fungu linafumuka, anapinduka-pinduka kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha anaanza upya akiwa ameelekea kwingine. Hana usukani. Akigundua chakula kinaongezeka, anachelewesha kupinduka. Kikipungua, anapinduka upesi. Protini iitwayo CheY ikibeba fosfati ndiyo inayokwenda kwenye rota na kuigeuza. Kwa mbinu hiyo tu anafika kwenye sukari.

Kusimama: mwaka 2008 iligunduliwa kwamba Bacillus subtilis akijiunga na wenzake kutengeneza utando wa ute, hutoa protini inayoitwa EpsE inayoitenganisha rota na nguvu. Watafiti wenyewe waliiita klachi. Flagela inabaki mzima, haiendeshwi tu.

FundiMota_UngaLtd

Klachi! Ubarikiwe mwalimu. Kesho vijana wa karakana nitawasimulia hii.

PCB_Kiboriloni

Mwalimu shikamoo. Kwenye nondo zetu tumeandika flagela zote zinatumia ATP. Kwa hiyo tufute?

HadubiniMoshi

Marahaba. Kwa bakteria futa, andika protoni, au sodiamu kwa baadhi. Kwa seli zenye kiini acha ATP. Na ongeza mstari mmoja: yapo makundi ya arkea, viumbe wa seli moja wasio na kiini ambao si bakteria, yenye nyuzi zinazozunguka zinazofanana kwa nje na za bakteria, lakini protini zake ni nyingine kabisa na mota yake inakula ATP moja kwa moja. Hiyo ni mashine ya tatu. Sikuiweka juu ili mada isitawanyike.

MtuWaMomela

Wakuu, mimi niko upande wa Usa River karibu na maziwa ya Momela, maji ni magadi. Swali langu: kama bakteria anaendeshwa na protoni zinazoingia kutoka nje, na maji ya magadi ni alikali, yaani protoni nje ni chache sana, si mota itakosa mafuta? Au huko hawaogelei?

HadubiniMoshi

Swali zuri sana, na jibu lake ni zuri zaidi. Kweli, kwenye maji ya alikali kali mteremko wa protoni unakuwa dhaifu au unageuka. Ziwa Natron, kwa mfano, lina pH inayopita 10. Lakini magadi ni nini? Ni chumvi za sodiamu. Kinachokosekana ni protoni, kinachofurika ni sodiamu. Aina za Bacillus wanaopenda alikali, waliochunguzwa maabara, wana vipande tuli vya aina nyingine, MotP na MotS, vinavyopitisha ioni za sodiamu. Mota ni ile ile, kilichobadilika ni kinachopita mlangoni.

Nyongeza ndogo kwa kuwa uko huko: ule mwani wa kijani-buluu wanaoula heroe hauna flagela kabisa. Unatambaa kwa kuteleza. Si kila kinachosogea kwenye tone la maji kina mkia.

Mfugaji_Monduli

Mwalimu, sisi huku tunapigana na ndorobo miaka yote. Ng'ombe anakonda, damu inaisha, anakufa. Huyo mdudu wa kwenye damu mnayemwita trypanosoma, mkia wake unamsaidia nini ndani ya ng'ombe? Damu si inamzungusha yenyewe bila yeye kuogelea? Na dawa tunazochoma zinagusa huo mkia?

HadubiniMoshi

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza jambo ambalo kwa muda mrefu lilionekana halina maana: kwa nini kiumbe aliye ndani ya mkondo wa damu apoteze nguvu kuogelea?

Kwanza mkia wake ulivyo. Unatokea kwenye kifuko kilicho upande wa nyuma wa mwili, kisha umeshonwa ubavuni mwa seli mpaka mbele, ncha tu ndiyo iliyo huru. Wimbi kwa kawaida huanzia nchani na kurudi kitakoni, kinyume cha mbegu ya kiume. Kwa hiyo mkia uko mbele, unauvuta mwili, na mwili wote unajisokota ukipenya katikati ya chembe za damu.

Sasa faida. Kinga ya ng'ombe inamtambua na kumbandika kingamwili mwilini. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kuogelea kwenyewe kunazifagia kingamwili hizo. Anapokwenda mbele, maji yanazisukuma zielekee nyuma juu ya ngozi yake, mpaka kwenye kile kifuko. Pale anazimeza na kuziharibu. Halafu mwaka mmoja nyuma yake, 2006, ilionekana kwamba ukizima protini za mwendo wa mkia kwa kimelea wa hatua ya damuni, seli inashindwa kugawanyika vizuri na inakufa. Kwake mkia ni uhai, wala si chombo cha safari tu.

Kuhusu dawa: diminazene, inayotumika sana kwa ng'ombe, haishiki mirija ya mkia. Inashika DNA iliyoko kwenye kinetoplasti, yaani fungu la DNA lililo nje ya kiini cha kimelea, na kinetoplasti hiyo imefungwa moja kwa moja kwenye kitako cha flagela. Ni jirani yake wa karibu kabisa. Ila usichome kwa kukisia, dozi pungufu huzalisha usugu. Mtaalamu wa mifugo akipima damu mbichi chini ya hadubini, mara nyingi haoni kimelea kwanza. Anaona chembe nyekundu zinasukumwasukumwa, ndipo anajua kuna kitu kinaogelea.

Mfugaji_Monduli

Nimekuelewa vizuri kabisa. Asante sana mwalimu.

NesiMamaK

Naongezea kutoka wodini. Mikia hii ya 9 na 2 iko pia kooni na kwenye njia za hewa za binadamu, ile tunayoiita silia. Inafagia makohozi kwenda juu. Kuna watoto wanazaliwa na kasoro kwenye dainini. Utaona mafua tangu kuzaliwa, kikohozi chenye makohozi kisichokoma, masikio yanatoa usaha mara kwa mara, na baadaye mapafu yanaharibika. Wanaume wengi wenye hali hiyo hupata shida ya uzazi kwa sababu mbegu hazisogei. Björn Afzelius aliunganisha mambo haya mwaka 1976. Nawasihi wenzangu, mtoto wa hivi msimpe antibiotiki na kumrudisha nyumbani kila mara bila kufikiria zaidi.

HadubiniMoshi

Asante sana dada. Naomba niweke moja juu yake: karibu nusu ya watu hao wana moyo upande wa kulia, na ini kushoto. Kwenye kiinitete changa kuna silia chache zinazozunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto, na mkondo huo ndio unaouambia mwili upande upi ni upi. Silia zikiwa hazifanyi kazi, upande unaamuliwa kwa bahati, na bahati inatoa nusu kwa nusu.

MaabaraLowerMoshi

Wakuu msisahau malaria. Plasmodium hana mkia kwa sehemu kubwa ya maisha yake, isipokuwa hatua moja. Mbu akishanyonya damu, seli ya kiume ya kimelea inahisi baridi na kemikali za tumbo la mbu, na ndani ya dakika 10 hadi 15 inatoa mbegu 8 zenye mikia inayopiga kwa fujo. Mkia mzima unajengwa ndani ya seli kwa dakika hizo chache. Hicho ndicho alichokiona Alphonse Laveran tarehe 6 Novemba 1880 kule Constantine, Algeria: damu ya mgonjwa ilipoa kwenye kioo, mikia ikatoka, akajua hicho ni kiumbe hai. Kwa sisi tunaokaa karibu na mashamba ya mpunga, hatua hiyo ni ya kuangaliwa: mikia hiyo isipofanya kazi, hakuna urutubisho, na mbu huyo hasambazi malaria.

MamaIbada_Machame

Nimesoma nikamshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yake. Mota yenye klachi ndani ya bakteria!

HadubiniMoshi

Amina mama. Na kuna jambo la kushangaza zaidi: sehemu ya chini ya mota ya bakteria ina protini nyingi zinazofanana na za sindano ambayo Salmonella na Shigella hutumia kudunga protini zao ndani ya seli zetu. Vyombo hivyo viwili ni ndugu wa damu, kimoja kinaendesha safari, kingine kinashambulia. Historia ya undugu huo inastahili uzi wake, nitauanzisha.

PCB_Kiboriloni

Mwalimu swali la mwisho. Hadubini ya shule inaweza kuonyesha haya?

HadubiniMoshi

Baadhi. Flagela ya bakteria ni nyembamba mno kwa hadubini ya mwanga ya kawaida, mpaka ipakwe dawa maalumu ya kuinenepesha, na hapo bakteria ameshakufa. Lakini mwendo wake utauona. Za seli zenye kiini zinaonekana. Chukua maji ya kijani kutoka bwawa lililotulia, vaa glavu za mpira na usiingie majini, maana mifereji na mabwawa ya huku chini yana kichocho. Weka tone moja, funika kwa kioo, anza na lenzi ya 10 kisha 40. Funga tundu la mwanga chini ya jukwaa mpaka karibu giza, bila hivyo mkia haujitokezi kabisa. Viumbe wakikimbia sana, changanya tone na uji mwepesi wa unga wa gundi ya karatasi za ukutani, watapunguza mwendo. Ukimpata euglena aliyetulia, tazama mbele yake, wala si nyuma, flagela ndiko iliko. Halafu uje uniambie wimbi linaanzia wapi.